Resori za Nyuma Kutoka Pinga

Wadogo zangu wa garaji,

Mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla ninyi hamjafika. Nimejaribu kuandika nikiwa nimeketi, nimeshindwa. Tangu nilipoacha kazi watoto wangu wameninunulia kiti cha kuegemea, na hadi leo anayekikalia ni paka. Mimi naandika nikiwa nimesimama jikoni, karatasi juu ya kabati la vyombo, kwa hiyo mwandiko mtauvumilia. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mshahara ulichelewa kuliko vyeo.

Niliingia garaji ya hospitali, hapa Masisi, nikiwa nimetoka tu shuleni, kitengo cha biashara. Nilidhani nimeitwa kukaa nyuma ya meza. Asubuhi ya kwanza nilivaa blauzi nyeupe. Papa Kitsa, fundi mkuu, nilimwona viatu kwanza, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa amelala chini ya jeep.

"Wewe njo mununuzi mupya?" akauliza bila kutoka.

"Ndiyo, Papa."

"Kuya huku chini. Hauwezi kununua kitu haujagusa."

Nikalala kwenye gunia pembeni yake. Blauzi ile haikurudi kuwa nyeupe, na mimi sikukaa nyuma ya meza hata mara moja.

Kitu cha kwanza alichonigusisha ni resori. Ninyi mmezoea magari mapya, yale yenye springi za kujikunja kama nyoka. Jeep za zamani zinakaa juu ya resori: mabapa ya chuma yaliyopindwa kidogo, yakapangwa moja juu ya lingine, refu juu, fupi chini, yakashikwa pamoja na bulo moja, yaani bolti, inayopita kati yao. Bapa la juu ndilo kubwa, na kila ncha yake ina jicho. Macho hayo ndiyo yanayofungwa kwenye shasi. Papa Kitsa aliushika mkono wangu akaupitisha juu ya mabapa hadi kwenye ile bulo.

"Iko katikati?" akaniuliza.

Nikasema iko katikati.

"Pima."

Nikapima. Haikuwa katikati. Ilikuwa karibu zaidi na jicho la mbele.

"Njo pale bantu wote wanaangukaka," akasema. Kisha akanipeleka nyuma ya garaji kunionyesha rundo. Lilikuwa rundo la kweli, limefikia dirisha: amortiseri, vile vifyonza mtikiso, zenye jicho chini mahali palipohitaji msumari, resori pana mno, resori nyembamba mno, raba zisizoingia popote. Vyote vilikuwa vipya. Vyote vilisafiri kutoka Goma juu ya malori, vikafika hapa, vikakataa. "Ule alikuwa mbele yako alikuwa ananunua jina," akasema Papa Kitsa. "Alikuwa anasema jeep fulani, muuzaji anamupa ya jeep fulani. Lakini jeep fulani ilibadilika miguu mara mingi, jina ikabakia ileile. Wewe utanunua kipimo."

Nilikata ufito wa mwanzi mnyofu nikautia alama tatu kwa kisu: jicho la mbele, bulo, jicho la nyuma. Upana na unene wa bapa nilichukua kwa metre, na ndani ya jicho niliingiza kidole kuona kama raba za zamani zililiwa pande zote au upande mmoja tu, kwa sababu raba iliyoliwa upande mmoja inakuambia gari limekuwa likienda kombo. Kwa ufito huo nilizunguka maduka ya Goma, na wauzaji wakaniita Mama Fimbo. Baadaye, nilipozoeleka, wakaniita Mama Resori. Jina langu halisi ni Riziki, lakini kuna watu waliofanya kazi nami hadi wakastaafu bila kulijua.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenda. Nilikwenda juu ya magunia ya maharagwe, juu ya mihogo, mara moja juu ya jeneza tupu ambalo mwenye lori aliapa kuwa ndicho kiti kizuri kuliko vyote. Nilishuka Sake, nikapanda Sake. Nilizoea kula nimesimama. Mume wangu alikuwa akisema ninalala kama mtu anayesubiri lori, na hakuwa anadanganya. Nikisikia injini mbali usiku, miguu inatafuta viatu kabla mimi sijaamka. Mnaofikiri kazi hii ni ya subira, mmedanganywa. Mtu mwenye subira angekubali resori inayokaribia kufaa.

Sasa niwaambie kuhusu ile jeep ya wagonjwa, kwa maana kila mmoja wenu amesikia kipande cha habari hii na vipande vyenyewe havifanani.

Ilikuwa jeep ya zamani, nyeupe ilipokuwa na rangi. Ndiyo pekee iliyobaki kwenye njia ya Masisi hadi Walikale. Kulikuwa na nyingine mbili zilizo mpya kuliko hiyo, lakini moja ilikuwa imechukuliwa na watu ambao hawakuomba, na nyingine ilikuwa Goma, na barabara ya Goma ilikuwa imefungwa tena. Shoferi alikuwa Janvier, kijana mtulivu, mwenye mazoea ya kuongea na gari kuliko na abiria.

Wakati wa mvua, Janvier akiwa anatoka upande wa Walikale na mama mjamzito aliyekuwa amekaa na uchungu muda mrefu, resori ya nyuma ya kulia ilikatika karibu na Kashebere. Bapa kubwa lilivunjika penye jicho. Mhimili ukarudi nyuma, gurudumu likagusa bodi, jeep ikalala barabarani kama ng'ombe aliyekataa kazi. Wanaume wa Kashebere walimbeba yule mama kwa tipoyi, machela ya miti, wakipokezana, wakapanda naye vilima hadi Masisi.

Nilikuwa kwenye lango la hospitali walipofika. Mama aliokoka. Mtoto hakuokoka. Wale wanaume waliketi ukutani, matope hadi mapajani, na mmoja wao, mzee kuliko wenzake, aliniona nimevaa koti la garaji akaniuliza kwa upole:

"Mama, ile gari munaitengeneza siku gani?"

Nilipanda pikipiki hadi Kashebere mchana uleule na ufito wangu.

Janvier alikuwa ameanza kujitafutia dawa. Alikuwa amepata bapa la lori, akalifunga kwa waya. Jeep ilitembea mwendo wa kutoka kanisani hadi sokoni, kisha waya ukaachia. Na hata ungeshika, bapa la lori ni gumu mno. Ukimlaza mgonjwa juu yake atafika amevunjika kitu kingine. Fundi wa kuchomelea alijitolea kuliunga lile bapa letu. Nikakataa. Andikeni hili mahali mtakapoliona: chuma cha resori ukikiunga kwa moto kinapoteza nguvu yake ya kurudi, na kitakatika palepale pembeni ya kiungo, tena siku mbaya kuliko ya kwanza.

"Basi tufanye nini, Mama?" Janvier akauliza. "Goma imefungwa. Huku kote nilizunguka, hakuna. Tukae tungojee?"

Neno hilo "tungojee" lilinichoma. Nilizunguka jeep mara kadhaa, nikapima nilichokwisha kupima. Motari mmoja, dereva wa pikipiki aliyekuwa ameshusha mafuta ya mawese alikuwa akiniangalia. Anaitwa Dieudonné, na njia yake ni ya Pinga.

"Mama," akasema, "gari ya namna hii niko naionaka ku Pinga. Iko ku lupango ya Mama Safi. Haiende popote."

"Iko na miguu?"

"Iko na miguu yote."

"Panda," nikamwambia. "Twende."

"Mama, sijakula."

"Utakula njiani."

Mnaoijua njia ya Pinga mnaijua. Kuna mahali pa kushuka na kusukuma, na mahali pa kushuka na kumshukuru Mungu. Kwenye mto, daraja la magari lilianguka zamani, na pikipiki zinapita juu ya magogo. Dieudonné alivuka na pikipiki. Mimi nilivuka kwa miguu, ufito mkononi, bila kutazama chini.

Mama Safi nilimkuta anaosha gari.

Nilisimama kwenye lango la lupango, ua wake wenye uzio, nikamtazama. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mrefu, kitambaa cheusi kichwani. Jeep ilikuwa ndani ya banda la mianzi lililoezekwa vizuri kuliko nyumba nyingi nilizopita njiani. Hakukuwa na kuku ndani yake, wala magunia, wala nguo iliyoanikwa. Alikuwa akipitisha kitambaa kwenye taa za mbele, polepole. Ilikuwa dada pacha wa jeep yetu, ila hii ilikuwa na rangi.

Nikamsalimu, nikajieleza, nikaomba kupima. Akaniruhusu kwa kichwa. Nilipoingia chini na kuweka ufito, alama zote tatu zilikaa mahali pake: jicho, bulo, jicho. Nikapima mara ya pili kuhakikisha.

Nilipotoka, nikamwambia nilichokuja kutafuta. Alikunja kitambaa chake vizuri.

"Hapana, dada," akasema. "Hii gari ni ya bwana yangu. Aliiingiza hapa wakati daraja ilikuwa inasimama. Kisha daraja ikaanguka, ikabakia ndani. Siku barabara itafunguka, itatoka. Na itatoka na miguu yake."

"Bwana yako iko wapi?"

"Alikufa."

Mume wake, alinieleza baadaye, alikuwa mfanyabiashara wa mawese. Watoto walikuwa mbali, mmoja Kisangani, mwingine Uganda, na kila walipotuma habari walimwambia auze gari hiyo au aiache ioze. Yeye aliiosha kila wiki.

Mvua ilianza, na Dieudonné akasema magogo ya mto hayapitiki tena hadi kesho. Mama Safi alinipa mahali pa kulala, akanipa ugali wa muhogo na sombe ya majani ya muhogo, akaniwekea maji ya kuoga, bila kubadilisha jibu lake. Asubuhi yake tulikaa barazani kubambua maharagwe. Mimi, kukaa ni adhabu. Nilibambua kwa haraka hadi yakaruka nje ya ungo. Nilisimama, nikaenda kutazama mawingu, nikarudi, nikasimama tena.

"Wewe uko na siafu mu viatu?" akaniuliza.

"Kuna bantu wanangojea ile gari."

"Na mimi niko nangojea."

Ndipo nikamweleza juu ya mama wa tipoyi. Sikupanga kumweleza, wala sikutaka kumshika kwa huruma. Ilitoka tu, kwa sababu ndiyo kitu nilichokuwa nacho kichwani tangu langoni. Nilimweleza vilima, wale wanaume, matope, yule mzee na swali lake. Mama Safi aliacha kubambua.

"Mutoto?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

Aligeuka akaangalia banda. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kuniambia hapana:

"Bwana yangu alishikwa na tumbo. Tulimubeba na tipoyi vilevile. Kutoka mu nyumba mupaka ku barabara, ni lazima kupita hapa, karibu ya gari. Alinyoosha mukono akaigusa. Akasema, 'Safi, hii gari ingeweza kunipeleka.' Nikamujibu ndiyo. Hatukufika hata ku muto."

Maharagwe yalikuwa mapajani mwake. Akayakung'uta, akasimama.

"Unahitaji ngapi?"

"Mbili. Za nyuma."

"Iliyovunjika si moja?"

"Ni moja. Lakini ile ingine imechoka. Ukiweka mupya upande moja na muzee upande ingine, gari italala upande."

Akafikiri. "Na mukitoa moja kwangu, yangu pia italala upande."

"Ndiyo."

"Basi mutoe mbili. Sitaki kuiona imelala upande." Kisha akaongeza, na hapo ndipo nilipomjua: "Lakini mimi mwenyewe nitazipeleka. Sitaki kuelezwa. Nitaona na macho yangu."

Hatukuwa na kriki ya kuinulia gari. Dieudonné aliita majirani wawili, tukainua nyuma ya jeep kwa gogo refu la mkaratusi, tukitia mawe chini kidogo kidogo. Bulo zilikuwa zimeshikwa na kutu. Mama Safi alileta mawese ya mumewe yaliyobaki kwenye dumu, tukachanganya na mazutu, yaani dizeli, kidogo, tukazilowesha, tukasubiri, nami kusubiri huko kulinitoa jasho kuliko kuinua. Zilipoachia, moja baada ya nyingine, kila moja ilitoa mlio kama mbwa aliyekanyagwa. Mwisho jeep ilibaki imekaa juu ya magogo, matako yamening'inia bila miguu. Mama Safi aliipita bila kuitazama, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo na viatu vya kanisani.

Dieudonné akaita motari mwenzake, tukafunga resori moja kwenye kila pikipiki, kwa urefu, ndani ya gunia, kwa mipira ya tairi. Kwenye kizuizi kimoja njiani vijana wenye bunduki walitusimamisha. Vyuma virefu vimefungwa ndani ya gunia, hata mimi ningeuliza.

"Hii ni nini?"

"Resori za gari," nikasema.

"Gari iko wapi?"

Ilikuwa swali la haki, na jibu lake lilikuwa refu. Nilianza kujieleza, nikaongea haraka, na kadiri nilivyoongea ndivyo walivyozidi kuninyanyulia nyusi. Mama Safi alishuka kwenye pikipiki. Akafungua gunia, akashusha resori, akaketi juu yake kama mtu anayeketi kwenye benchi la kanisa, akamwambia mkubwa wao kwa Kinyanga, lugha ya huko, maneno ambayo sikuyaelewa yote, ila niliyaelewa majina mawili: la mtu, halafu la kijiji, Buleusa. Yule kijana akainamisha kichwa. Tukapita.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza mbele kidogo.

"Nilimukumbusha mama yake alimuzaa wapi, na ni nani alimubeba."

Tulipofika Kashebere, Papa Kitsa alikuwa ameshuka kutoka Masisi na mfuko wake wa vyombo. Alikuwa amezeeka wakati huo, na magoti yake yalilia kila alipoinama, lakini hakutaka mtu mwingine aingie chini. Aliweka ufito wangu juu ya zile resori, akapima, akapima tena, akanitazama na kusema neno moja tu: "Njo yenyewe." Kwangu neno hilo lilikuwa medali, na ndiyo pekee niliyopata.

Raba mpya, za kipimo, alikuwa amezileta kutoka ghalani kwetu. Bulo zilizoshika mhimili tulizibadilisha zote. Na hapa nawaomba mtulie kidogo, mimi nisiyetulia ndiye ninayewaomba. Msikaze bulo za macho hadi mwisho gari likiwa bado limeinuliwa. Zishikeni tu. Shusheni gari, likae kwa uzito wake, litikiseni, ndipo mkaze. Ukikaza gari likiwa juu, raba zinajikunja vibaya tangu siku ya kwanza, na kabla mvua nyingine haijaja utakuwa chini tena unajiuliza nani alikuroga. Papa Kitsa alifanya hivyo, huku mimi nikizunguka gari na Janvier akiniambia, "Mama, unatuletea kizunguzungu." Mama Safi alisimama karibu na gurudumu la nyuma muda wote. Gari liliposhuka likakaa sawa pande zote mbili, alipumua kwa sauti hadi tukageuka.

Janvier alimfungulia mlango wa mbele. Mimi na Papa Kitsa tukapanda nyuma, kwenye benchi la wagonjwa, tusikie milio. Tukatoka Kashebere. Kwenye shimo la kwanza nilishika ukingo wa benchi kwa mazoea. Jeep ilishuka, ikapanda, ikarudi mahali pake kama mtu aliyepiga goti na kusimama. Hakuna mlio. Papa Kitsa alifumba macho akisikiliza.

Baada ya vilima vya kwanza Janvier akapunguza mwendo.

"Mama Safi, tugeukie hapa?"

Kupitia kidirisha cha nyuma nilimwona mgongo tu, umenyooka, na mkono mmoja umeshika mlango.

"Endelea," akasema.

Tukaendelea. Mahali pengine Janvier akauliza tena, akapewa jibu lilelile. Mama Safi alianza kuuliza vitu. Ile milima inaitwaje? Hizo ng'ombe ni za nani? Wale bantu wanapanda nini juu kabisa vile? Kila tulipokaribia mahali pa kugeuzia, alikuwa wa kwanza kusema endelea. Tangu mazishi ya mumewe, alituambia, hakuwahi kuvuka mto ule. Tulipofika Masisi ilikuwa jioni, na wagonjwa wawili walikuwa wakisubiri langoni kupelekwa kituo kingine. Mama Safi alishuka, akampisha mmoja kwenye kiti chake, akamfungia mlango mwenyewe.

Alikaa kwangu. Mume wangu, ambaye maisha yake yote alikuwa na mke asiyekaa, sasa alikuwa na wawili. Mchana Mama Safi aliketi hospitalini karibu na yule mama aliyepoteza mtoto, wakiongea. Siku moja alisema anarudi Pinga, nami nikafikiri anarudi kuosha gari lake lililokosa miguu. Iliniuma. Nilimuahidi kuwa Goma ikifunguka nitamtafutia resori nyingine.

"Usitafute," akanijibu.

Kabla mvua hazijaisha, Dieudonné aliniletea ujumbe kutoka kwake, wa mdomo: redieta ingali nzima, resori za mbele ziko, na milango inafunga vizuri, mje kabla kutu haijaja. Nilikwenda. Alikuwa amekwisha kutoa milango mwenyewe. Nilikwenda tena kwa ajili ya shafti, tena kwa ajili ya usukani. Gari lile lilitoka Pinga kama alivyosema litatoka, ila lilitoka juu ya pikipiki, kipande baada ya kipande, na kila kipande kilivuka mto na yeye nyuma yake. Hakukubali hata kimoja kisafiri peke yake. Banda likabaki tupu, akaweka maharagwe. Jeep yetu ilitembea kwa vipande hivyo mvua na jua, hadi ninyi mlipokuja na kuiona mkasema ni ya makumbusho.

Papa Kitsa hakuiona ikistaafu. Alikufa nyumbani kwake, kitandani, jambo ambalo fundi wa gari hapa kwetu anaweza kulishukuru. Mazishini Mama Safi alinong'ona kuwa ardhi ya Masisi ni laini kuliko ya kwao, na kwamba alikuwa amepitia Walikale akaona jeep mbili zimeachwa karibu na machimbo. Nilimkanyaga mguu anyamaze. Tulipotoka makaburini nilimuuliza ni za mwaka gani.

Basi, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kuniaga mlinipa kitenge na soda, na maneno mazuri ambayo yalinifanya nitazame mlango. Mmoja wenu aliniuliza sasa nitafanya nini, nikajibu kwamba nitapumzika, kwa sababu ndilo jibu linalotarajiwa. Nimepumzika wiki chache. Nimepanga vyombo upya, nimepanga vitenge, nimempigia Janvier simu kumuuliza jeep mpya inalia wapi, akaniambia hailii, nikasikitika.

Jana simu ililia nikiwa hapa hapa kwenye kabati, na sauti ilikuwa ya Mama Safi, akipiga kelele kwa sababu alikuwa juu ya kilima akitafuta mtandao.

"Riziki! Niko Buleusa. Nimeona jeep iko ndani ya miti, miti imeota kati ya magurudumu. Mwenyewe anasema niichukue. Lakini ya mbele siielewi, bulo iko pa ingine kabisa. Haifanane na yetu."

"Iko mbele ya katikati ao nyuma?"

"Nyuma!"

"Haiwezi kuwa nyuma."

"Nakuambia iko nyuma! Kuya uangalie."

Nilimwambia mimi nimestaafu.

"Umestaafu wapi?" akauliza. "Mu miguu?"

Nimekata mwanzi mpya asubuhi hii. Kuna kituo cha afya huko Walikale ambacho jeep yao imekaa juu ya mawe tangu mvua zilipoanza, nami sina mkataba nao, wala hawajaniita. Dieudonné yuko nje, pikipiki inanguruma, na mume wangu ameniwekea mihogo kwenye mfuko bila kuniuliza narudi lini. Mkiona karatasi hii ina tope kwenye pembe, ni kwamba nilimaliza kuiandika juu ya tangi la pikipiki. Resori ambayo bulo yake iko nyuma ya katikati, wadogo zangu, mimi sijawahi kuiona.